Marobota ya Bi Zuwena

Malindi, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi goti lako tangu mvua zikatike? Mimi mzima, nashiba, na watu wa Unguja wananitendea wema kuliko ninavyostahili. Mjomba akikusomea barua hii, asiruke hapa katikati ninapojiaibisha.

Unajua kazi yangu forodhani ni kufungua mizigo na kumwambia karani ni bidhaa gani, ili aiandikie ushuru wake. Wiki iliyopita yalishuka marobota ya Bi Zuwena, mjane anayeshona magodoro na mito. Cheti kilisema ni manyoya mafupi, yale yanayobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa, na ushuru wake ni mdogo kuliko wa pamba safi. Nikaingiza mkono, nikahisi ulaini, nikatangaza kwa majivuno: "Pamba safi hii!"

Karani mkuu, Mzee Seif, akaandika papo hapo. "Huyu kakulia kwenye pamba," akasema, "hatubishani naye." Mzigo ukazuiwa, na Bi Zuwena akaonekana mwongo mbele ya mahamali waliokuwa wakibeba magunia.

Jioni nikavua shati, nikaona kishungi cha mzigo ule kimenasa kwenye mkono wake. Nikakivuta kwa vidole gumba viwili, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye kinu cha pamba, ulipochagua pamba ya kurudisha mashineni na manyoya ya kufagia nje. Kikakatika mara moja. Pamba safi ingevutika kwanza, Mama, ulinionyesha mara ngapi! Niliona haya.

Asubuhi nikamwendea Mzee Seif, nikijua huenda nikafukuzwa. "Nimekosea, Mzee. Bi Zuwena kasema kweli." Akachomoa manyoya robotani, akavuta mwenyewe, mara tatu, akafuta alichoandika.

"Sasa kamwambie yeye," akasema, "kwa sauti ile ile ya jana."

Nikamwomba radhi na kumwonyesha nilivyovuta, mahamali wote wakisikiliza. Bi Zuwena akajibu: "Haya, mwanangu, nshakusamehe. Nani kakufunza kuvuta hivyo?"

"Mama yangu. Anafagia kinu cha pamba, Kilosa."

Kazi bado ninayo, alhamdulillahi, na nakushukuru wewe. Msalimie Mjomba msomaji wetu, dada Mwanaidi na mumewe fundi baiskeli, na jirani yetu anayekutekea maji.

Bi Zuwena alitaka kunipa mto bure. Wa forodhani hatupokei zawadi, kwa hiyo nimeununua, na ndio huo ulioletewa pamoja na barua. Umejaa manyoya yale yale. Miaka yote umeyafagia, Mama. Sasa yalalie.

Mwanao,
Ramadhani