Kumbukumbu ya Fundi Mizani na Kilo Kumi na Tisa za Mbwa Wake

Umetimia mwaka mmoja sasa, Fundi, tangu Jumanne ile asubuhi ulipotuacha. Duka lako la mizani linafunguliwa saa mbili kamili kama ulivyozoea, na anayelifungua ni mwanao wa mwisho. Tunakuandikia haya sote wa nyumba yako, ila mkono unaoandika ni wangu mimi mkeo, na unajua mkono huu uliishia shule ya msingi. Usinicheke herufi.

Watu wanakukumbuka kwa kazi yako. Mizani ya muuza nyama, ya mwenye duka la unga, ya zahanati wanapopimia watoto, zote zilipita mikononi mwako. Ulikuwa unaweka vile vyuma vyako vya kilo juu yake kimoja kimoja, unainama, unafumba jicho moja, kama vile unamhoji mwizi. Muuza nyama akisema, "Fundi, iache hivyo hivyo, inanipendelea kidogo tu," unamjibu, "Basi ipeleke ikakupendelee kwingine." Nusu kilo ya uongo ilikunyima usingizi. Ndiyo maana haya ninayoandika yamenichukua muda kuyaamini.

Nyumbani ulikuwa mpole. Ulivua viatu nje, uliwasalimu watoto kabla ya wakubwa, na ulikuwa hujui kabisa kutegua vitendawili. Hata sijamaliza kutega, unasema, "Chukua mji." Kwa miaka thelathini na nane umenipa miji yote ya dunia, mingine mara tatu tatu, na bado ukanidai chai.

Halafu akaja Mkaguzi. Ulimwokota mlangoni mwa duka, mbwa wa rangi ya majivu, sikio moja limelala. Ulimpa jina hilo kwa sababu wakati wa kula alipita sahani kwa sahani, anakagua, kama wale wakaguzi wa vipimo wanaokuja dukani kwako. Anaweka kidevu juu ya goti la mtu, anamtazama kwa macho ya aliyefiwa, na udenda unashuka. Siku shemeji yangu, mdogo wako, alipoondoka hapa na suruali yake ya harusi imelowa gotini, nilikuambia, "Baba watoto, chagua. Ama mbwa ama mimi." Ukasema, "Nipe mwezi mmoja."

Ukatuweka kikao. Mkaguzi ale kwanza, kwenye bakuli lake karibu na mlango wa nyuma, kisha aende kwenye gunia lake. Mezani asipewe kitu, hata mfupa, hata ukoko. Asitazamwe, na wala asifokewe, maana kumfokea nako ni kuongea naye. Akilala kimya mpaka sahani zikusanywe, apelekewe kipande chake pale pale kwenye gunia. "Na mtu mmoja akimpa mezani, hata mara moja," ulisema, "mbwa ataona kuomba kuna faida, na sote tutaanza upya."

Wiki ya kwanza alilia kama mlango usiotiwa mafuta. Ya pili akawa anapiga miayo kwa kelele ili tumwonee huruma. Ya nne akaenda kwenye gunia mwenyewe, bila kuambiwa. Tulikula kwa amani miaka miwili.

Na kila Jumamosi ulimpima. Kwa kuwa hakukubali kusimama peke yake juu ya mizani, ulimbeba kifuani, ukapanda naye, kisha ukatoa uzito wako. Wote wawili kilo tisini. Wewe sabini na moja. Mkaguzi kumi na tisa. Ukaandika kwenye kadi iliyoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni.

Miezi saba kabla hujatuacha, Mkaguzi akainuka kwenye gunia. Akaja akakaa kati ya kiti chako na kiti cha mke wa mwanetu wa mwisho, na hapo hatoki mpaka mlo uishe. Mkwe wetu alikuwa ndiyo kwanza ameingia nyumba hii, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado namchunguza.

Nikaanza upelelezi. Nilihesabu vipande vya nyama nikipakua, na mifupa nikikusanya. Nilimnusa mbwa mdomo. Nilidondosha kijiko makusudi ili niiname nichungulie chini ya meza, na kila nikiinuka mikono yote iko juu, imetulia kama ya watu wanaopigwa picha. Siku moja nilidondosha kijiko mara tatu kwa mlo mmoja mpaka mwanao akauliza, "Mama, mkono unakuuma?" Nikaanza kumtazama mkwe vidole kama vina mafuta. Na nani anakula nyama vidole vikabaki vikavu? Lakini mimi nilishajua ninachokitafuta.

Jumapili moja nikashindwa kuvumilia.

"Nani anampa huyu mbwa?"

Kila mtu akainamia sahani yake.

"Mkwe, nauliza."

"Mama, mimi sijampa kitu."

"Kwa hiyo anajipakulia mwenyewe? Mtazame tumbo!"

Mkwe akakutazama wewe. Wewe ukanywa maji, ukaelekeza kidole kwenye kadi. "Mama watoto, mizani inasema kumi na tisa. Hajaongezeka hata robo."

"Basi hiyo mizani yako imeshahongwa," nikasema.

Kesho yake mkwe alichukua sahani yake akaenda kula jikoni. Hakununa wala hakunijibu vibaya. "Huku kuna hewa nzuri, mama," akasema. Jikoni kwetu, na ule moshi, eti hewa nzuri! Akawa anakula amesimama, sahani iko juu ya ndoo. Mkaguzi hakumfuata. Alibaki palepale gotini kwako. Hilo nililiona kwa macho yangu, na unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, ujanja huo, amemfundisha asimfuate.

Wewe kila siku ulirudisha sahani nyeupe. "Umenishibisha, mama watoto." Nami nikaenda kuiosha kifua mbele. Ulitoboa tundu jipya kwenye mkanda wako, ukasema ngozi imelegea. Nikaiamini ngozi ya mkanda. Mkwe sikumwamini.

Kisha siku ile ukaanguka dukani, tukakukimbiza hospitali. Daktari alisema ni njia ya chakula, imeziba, na siyo ugonjwa wa juzi wala jana. Akaniuliza, "Mama, ni tangu lini hawezi kumeza nyama?" Nikamjibu, "Daktari, mume wangu anamaliza sahani." Akanitazama vile ulivyokuwa unaitazama mizani ya muuza nyama. Siku ya kumi na moja ukaondoka.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mganga wa mifugo alituambia dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo. Mwanao akamtia Mkaguzi kwenye kapu kubwa, akaliangika kwenye ile mizani ya magunia. Ishirini na sita. "Huyu kanenepa lini?" akasema, akaiandika kwenye kikaratasi, akaenda kununua dawa.

Mimi nikabaki na kadi. Jumamosi yako ya mwisho uliandika kama kawaida: wote wawili tisini. Nikatoa ishirini na sita. Nilitoa kwa vidole, kisha nikamwaga maharage mezani nikatoa tena. Sitini na nne. Nikakaa chini.

Kitendawili: wawili wamesimama mahali pamoja, mmoja anapungua, mmoja anaongezeka, na anayesoma haoni mabadiliko. Wewe uliyekuwa hujui kutegua hata kimoja ndiye uliyekitunga hicho. Kila kilo iliyokutoka ilikuwa imeshahamia kwa mbwa, na kila Jumamosi ukaendelea kujihesabu sabini na moja, wewe ambaye nusu kilo ilikunyima usingizi. Mkaguzi hakuvunja sheria zako, baba watoto. Mvunjaji alikuwa aliyezitunga.

Siku ileile ilinipasa niende jikoni niseme nilichokiona. Sikwenda. Niliifutika kadi chini ya nguo zangu kwenye sanduku, nikanyamaza. Mbwa tulimrudisha kwenye gunia, tukaanza sheria zako upya, na safari hii alizishika hata mwezi haujaisha. Kumwomba mtu msamaha kulinishinda kwa miezi kumi. Nilimpita mkwe akila amesimama, nikamwambia, "Mwanangu, chumvi imekolea?" Akasema, "Imekolea, mama." Basi, yakaishia hapo.

Mwezi uliopita mwanao akanijia. "Mama, tumepata vyumba viwili karibu na duka. Mwisho wa mwezi tunahama."

Kwanza nikamshuku mwenye vyumba hivyo, kwamba amewarubuni. Kisha nikawashuku wakwe zake. Nikauliza, "Nani kakutia maneno?"

"Hakuna mtu, mama. Mke wangu amechoka kula amesimama."

Hapo nikaona nawapoteza, mtoto na mkwe kwa pamoja, na sina wa kumsingizia. Nikaitoa kadi kwenye sanduku, nikaenda nayo jikoni, nikaiweka mbele ya mkwe, juu ya ubao wa kukatia vitunguu.

"Ulijua?"

Akafuta mikono. "Nilijua, mama. Nilimwona mapema sana. Alikuwa anatafuna, anatafuna, kisha anaweka leso mdomoni kama anajifuta. Leso inashuka chini ya meza. Ukidondosha kijiko, anasubiri."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniomba. Alisema ukijua chakula chako hakipiti, utaacha kupika, utakaa tu unamtazama."

"Na mimi nilipokusingizia mbele ya watu?"

Akapanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Nilingoja aseme yeye, mama."

Na hapo, baba watoto, ndipo ninapogombana nawe. Kunificha ugonjwa nimekusamehe. Ulinijua, kweli ningekaa nikutazame. Lakini mtoto wa watu alikutazama wewe akitaka umtetee, na wewe ukaonyesha kidole kwenye kadi ambayo ulijua inadanganya. Muuza nyama ulimkatalia asiwapunje wateja, na wa ndani ya nyumba yetu ukamwacha apunjwe. Kwa nini? Nimelizungusha swali hili mwaka mzima, na kila jibu ninalokutungia nalitilia shaka.

Lakini mkosaji siyo wewe peke yako. Wewe ulinyamaza; aliyefungua mdomo ni mimi. Kwa hiyo nasema hapa, wasome majirani, wasome na wale niliowanong'oneza kisimani: mkwe wetu hakumpa mbwa kitu. Nilimsingizia. Nimemwomba msamaha mbele ya mumewe, na nauomba tena kwa maandishi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yameisha, mama," akasema. "Lakini tutahama."

"Hameni," nikasema. "Ila siku ya kumbukumbu ya baba yenu mje mle mmekaa."

Akasema atafikiria. Nikajua maana yake ni hapana.

Leo wamekuja. Mkwe ameingia kwa mlango wa mbele, akavuta kiti mwenyewe, akakaa. Tumekula, kila mtu anamchungulia mwenzake. Sahani yake ilipofika nusu, akainyanyua, akanielekezea mimi.

"Mama, niongezee mchuzi."

Tangu aingie nyumba hii hajawahi kuniomba kitu. Nimemwongezea mpaka mwanao akasema, "Mama, utamzamisha."

Wanaokukumbuka ni mkwe wako, na aliyemtanguliza hapa ni mimi, asilaumiwe mtu mwingine; mumewe, mwanao wa mwisho, fundi wa sasa; binti zako wawili na waume zao; wajukuu wako watano; mdogo wako, shemeji yangu; na mimi mkeo.

Pumzika, Fundi. Nyumba hii haitakusahau siku zote tutakazoishi. Swali langu nakutunzia. Utanijibu tukionana, na safari hiyo sitaki mji.