Sheria ya Asiyesimama Popote

Siku ya soko, mwezi sita

Bwana Timandri kaja karakana kuchukua mitungi ya mafuta. Mashamba yake yanajaza bonde zima, na udongo wangu nauchimba kwake. Kasema, "Fundi, watu wa Bonde tumekuhesabu wetu." Nikamjibu mimi ni wa tanuri langu, siasa niacheni. Akacheka! "Sheria ya Soloni haina upande wa tanuri, ndugu yangu."

Kweli haina. Mji ukigawanyika, kama sasa Bonde na Pwani wanavyogombea utawala, anayekaa nyumbani bila kuchukua upande hufutiwa uraia. Nisipokuwa raia, nyumba si yangu tena, wala yadi. Na uraia wenyewe nimepewa na Soloni huyohuyo, mtunga sheria wetu! Alisema mgeni akija na familia na ufundi wake, apokewe. Nikaja kutoka Korintho na mke wangu Melita, binti yetu mgongoni, na gurudumu moja la kufinyangia. Mlango aliouacha wazi ndio huohuo ananifungia.

Siku ya kukanda udongo, mwezi saba

Nimefanya hesabu tena, hasira haijapoa. Vyeo hapa ni kwa vipimo vya shambani: shayiri, divai, mafuta. Vipimo mia tano, wewe wa juu kabisa. Mia tatu, unaitwa mpanda farasi. Mia mbili, unaitwa mwenye jozi ya ng'ombe. Timandri anavuna mia tano na ushee. Mimi nauza vyungu zaidi kuliko yeye anavyouza mafuta — lakini chungu hakipimwi! Kwa hiyo niko chini pamoja na vibarua. Kura ninayo. Cheo, hapana.

Nimemwambia Melita yule mzee Soloni anadharau mali ya mikono. Akasema, "Hadharau. Anaogopa mtu mmoja asishike kila kitu." Akanikumbusha walivyombembeleza awe mtawala peke yake, akakataa, akapanda meli kwenda Misri. Tena katuapisha tusiguse sheria mpaka miaka kumi iishe.

"Mtu aliyekataa mji mzima unamwogopa kwa nini?"

Huyo ndiye wa kuogopwa! Mwenye tamaa ungempelekea mtungi mzuri. Huyu utampelekea nini? Na Misri nani atakwenda kumuuliza?

Siku ya mvua, mwezi nane

Mkwe wangu Eutiko kaja, kalowa. Yeye ni wa Pwani, baharia. Hakukaa. "Baba mkwe, ukisimama na Timandri, binti yako Hegeso hatakanyaga hapa tena. Wala mtoto."

Nikamuuliza ni maneno ya binti yangu au yake. Akakamua maji kwenye vazi lake.

"Udongo utanipa wewe?"

"Finyanga mchanga wa bahari!" Kaondoka. Mjinga. Lakini mjukuu ninamtaka.

Siku ya mpiga mbiu, mwisho wa mwezi tisa

Kesho asubuhi. Kila raia atoke na silaha, asimame panapoonekana. Majina ya waliobaki ndani yatasomwa.

Bonde: udongo upo, binti hayupo. Pwani: binti yupo, udongo hakuna. Ndani: hakuna kitu. Nimegeuza hesabu kila upande. Haitoki!

Nikamwambia Melita nitasimama katikati ya njia. "Katikati watakupiga wote," kasema, akaendelea kuchambua dengu.

Asubuhi, siku ya kwanza, mwezi kumi

Wamefika. Bonde kulia kwa lango, Pwani kushoto. Naandika kwa msumari kwenye kigae, ngao iko mkononi tayari — Melita kaifunga, kamba imebana.

Timandri anaita, "Raia! Raia, toka!" Miaka yote hii, sikuwahi kuwa raia kinywani mwake. Leo tu.

Eutiko naye anaita. "Baba!" Baba tu, bila mkwe. Na nyuma yake nasikia sauti ya mwanamke. Hegeso? Mwanamke gani huja mahali pa mikuki!

Melita kaondoa komeo. "Toka, mume wangu. Wameanza kusoma majina."

Wako kwenye majina ya herufi ya tatu. Langu ni la herufi ya tano. Sauti ile imeita tena, ni ya binti yangu —