Maharage Mia Sita Thelathini na Nane

Lushoto, Jumatatu

Kwa dada yangu, lumbu yangu Yunis, Kwamkoro.

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini mimi ni kaka yako na shikamoo yangu ipo hata ikikawia, kwa hiyo naipokea mapema tupate kuendelea. Habari za huko kwenye chai? Magoti yako je? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima. Baridi ya mwezi huu inauma mpaka kwenye meno, ila mimi yaliyobaki ni machache, imekosa pa kuuma.

Utashangaa kuona barua. Simu kila nikipiga unasema mtandao wa huko mbaya, halafu kimya. Nikaona basi. Happiness mjukuu wangu alitaka kuniandikia, nimekataa. Mimi nina cheti cha kisomo cha watu wazima, herufi zangu kubwa lakini zinasimama wima, na hii lazima iwe ya mkono wangu. Sababu utaiona huko mbele.

Sasa kaa chini. Lumbu, nimevunja rekodi.

Hapa karibu na stendi kuna kijana anaitwa Amiri, ana kibanda na kompyuta. Watu wanampelekea simu na memori kadi, anawawekea nyimbo, kila wimbo shilingi mia mbili. Jumamosi jioni anaandika kwenye ubao mlangoni wimbo uliouzwa kuliko zote wiki ile. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu, kaandika ile rekodi ambayo haijawahi kupitwa: mia nne kumi na moja, wimbo wa kijana wa Dar es Salaam. Imekaa pale miaka mitatu.

Mwezi uliopita Happiness alinisikia nikiimba peke yangu napogolea mipeasi. Akanirekodi kwa simu bila kuniambia, akaugeuza wimbo toka kilugha chetu kuwa Kiswahili, akaenda kuuimba kwa Kristian, yule mwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Kristian akatia ngoma. Nilipousikia nikamwambia huyu mtu analima kwenye mteremko, hakimbii nyuki, punguza mwendo. Akapunguza. Kwa hiyo hata ile ngoma ni akili yangu. Wimbo ukapewa jina Jua Ngoja, na Jumapili ya juzi ukaanza kuuzwa.

Amiri alitaka autoe bure, nyongeza kwa anayenunua nyimbo kumi. Nikasema wimbo wa mjukuu wangu si kipande cha sabuni. Utauzwa peke yake au nauondoa. Akaniambia mzee wewe mbishi. Nikamwambia ndiyo, nimezaliwa hivyo, muulize marehemu mama. Tena daftari lake siliamini. Nikaleta kibuyu na debe la maharage, nikakaa mlangoni wiki nzima. Simu moja ikitoka na wimbo, harage moja linaingia.

Mpaka Jumatano jioni tulikuwa na tisini na nne. Tobia, unamkumbuka, yule wa pua, kila akipita ananiuliza kama maharage yameanza kuota. Alhamisi ndiyo siku ya soko, watu wameshuka toka Mlalo na Mtae, wamejaa kibandani, saa nne hiyo umeme ukakatika. Amiri akafunga mikono kifuani. Inveta anayo lakini betri yake imekufa. Nikapanda kwa Salma mwenye lori, nikamwomba betri ya lori, nikajitwisha mwenyewe kichwani nikateremka nayo. Miaka sabini na minne, Yunis! Vijana walinipisha njia. Jioni ile kibuyu kilikuwa na mia tatu sabini na saba.

Jumamosi mchana, mia nne na tisa, na mteja hakuna. Hata mbwa hakupita. Tobia kaleta kiti chake akae karibu anione ninavyoshindwa. Hakujua kwamba Ijumaa nilikwenda kwa wapiga matarumbeta wa usharika nikawafundisha wimbo kwa mdomo, maana kesho yake palikuwa na harusi. Bwana na bibi harusi walipotoka kanisani, matarumbeta yakamaliza tenzi, yakatulia kidogo, kisha yakapiga Jua Ngoja! Mashangazi wakapiga vigelegele, harusi nzima ikateremka mpaka kwa Amiri, wanasukumana. Harage la mia nne kumi na mbili ni la bibi harusi mwenyewe, kaja na shela kichwani na simu mkononi. Nilipiga kelele mpaka nikakohoa.

Tulipofunga, zilikuwa mia sita thelathini na nane. Akahesabu Amiri, akahesabu Salma. Tobia akasema maharage yanazaliana kibuyuni. Nikamwambia hesabu wewe, mpaka uote. Akahesabu moja moja, akazipata zilezile, halafu akatoa simu yake akasema na mimi niwekee. Amiri akamjibu wiki imefungwa, atahesabiwa inayofuata. Alitukana!

Hapo Amiri akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaandika jina la wimbo, akaandika Happiness, akauliza mtunzi nani. Watu wote wakaniangalia. Nikasema andika Timotheo Shemhilu.

Akaandika, nao wakaninyanyua juu. Tangu hapo naitwa Mtunzi, hata mwinjilisti jana kaniita hivyo. Jumapili ijayo ni Sikukuu ya Mavuno, na kabla ya mnada wa majogoo na maboga wanataka nisimame mbele niimbe kipande cha tatu. Wimbo ulivyouzwa una vipande viwili tu, na kila mtu anauliza cha tatu kiko wapi. Nikawajibu kipo, subirini, mtakipata siku hiyo. Mdomo wangu huu unaujua.

Hakipo, Yunis. Mimi sina. Unacho wewe.

Najua umeshautambua wimbo, maana Esteria, yule mwenye binti huko kwenu, kaniambia wimbo umefika mpaka Muheza. Jua ngoja, usiguse mlima, tuta langu halijaisha. Uliutunga una miaka kumi na saba, tunalima matuta ya baba, na baba tumemzika mwaka ule. Bonde zima likaushika. Nami kwa kuwa nilijiona ndiye baba sasa, nikasimama mbele ya watu ngomani nikakwambia binti wa nyumba yetu haimbii walevi, na nikisikia tena nitakufukuza. Ukanyamaza. Ukaolewa huko mbali, na tangu siku ile sijakusikia ukiimba. Siku tunamzika mama walikuomba uanzishe wimbo, ukaniangalia, ukainamisha kichwa. Nililiona jicho lile. Nimeishi nalo.

Sasa nikwambie ambalo hata mke wangu hakulijua mpaka anakufa. Wimbo niliokukataza nimeuimba mimi miaka zaidi ya hamsini. Shambani, peke yangu, nikihakikisha hakuna mtu. Ulikuwa mzuri tangu siku ile na nilijua. Kipande cha tatu sikukisikia vizuri, maana ndicho ulichokuwa unaimba nilipokukatisha.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Amiri na kitambaa cha petroli, nikafuta jina langu. Limeacha doa jekundu, haidhuru. Nikaandika mwenyewe, YUNIS SHEMHILU, kwa herufi zangu zilezile kubwa. Wakaniuliza kulikoni, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, watu wakisikia. Tobia hakucheka. Tobia asipocheka, jambo ni zito.

Jumapili nitasimama hata usipokuja. Nitasema jina lako, na nitasema kipande cha tatu si changu kukitoa. Ukija, matarumbeta yako tayari, na maharage yote ya kibuyuni sijagusa hata moja, yatapikwa siku hiyo. Njoo uimbe, lumbu. Mimi nitanyamaza.

Nisalimie shemeji na watoto na jirani wote wa huko mnaochuma nao chai. Happiness anasema shikamoo bibi, na ndani ya karatasi kakufungia memori kadi. Esteria atakupa mkononi, anakwenda kumtazama binti yake. Kama kuna majibu mpe yeye, na kama ni matusi mpe pia, nitayapokea.

Ni mimi kaka yako,
Timotheo Shemhilu,
mbeba betri.