Vile Mutuma alichukuliwa

Jumanne

Wote wanaisimulia vibaya. Leo tena hapo Kangeta kijana mmoja anasema ati yule jenerali wa Uganda alimpiga ndugu yangu Mutuma risasi na mkono wake mwenyewe. Uongo! Jenerali hakuwa hapo. Mimi ndio nilikuwa hapo kwa usukani, na hakuna dereva wa miraa alikuwa ananishinda mbio mpaka Kampala.

Tulisimamishwa kwa kizuizi. Wanajeshi wa jenerali wakaanza kufungua mabunda ya miraa juani, wakitafuta bunduki. Nikawatania, nikawaambia bunduki yetu inatafunwa. Wakacheka. Lakini Mutuma, kando yangu, hangeweza kuvumilia kuona majani ya ndizi tuliyoifungia yakitolewa, miraa ikikauka.

"Funika hiyo, mjinga wewe!" akamwambia mwanajeshi mmoja.

Hawakucheka tena. Wakampandisha lori yao, na siku hizo mtu akipanda lori ya jenerali, harudi. Mimi wakaniambia niende. Nikaenda.

Jenerali alifukuzwa, akazeeka ugenini, akafa kwa kitanda. Mutuma hatuna hata kaburi yake.

Leo mke wake Kanana, sasa hata kuketi hawezi, ameniuliza tena, "Shemeji, hebu sema vile alisema wakimchukua."

"Alisema, mwambie Kanana aningoje."

Akatabasamu. Amengoja miaka hii yote, akakataa kuolewa tena.

Mutuma hakusema kitu kama hicho. Hayo maneno nilitunga mimi, ndio aache kulia hiyo siku moja nilimletea habari.