Nyimbo Tisa za Mtambo wa Mtoni

Mtoni, Unguja
22 Septemba 2004

Dada Kawthar,

Mtambo wa studio umekufa jana Jumanne, saa nne asubuhi, wateja wamekaa wanasubiri kurikodi. Shikamoo. Natumai wewe na wanao hapo Maskati hamjambo. Sisi afya tunayo, raha ndiyo hatuna.

Kadi moja kati ya nne zinazochakata sauti imeungua. Waliozitengeneza washaacha, na kompyuta mpya hazifungui kazi zilizorikodiwa humu. Makungu wa Darisalama anautaka kwa spea, na ningemuuzia leo hii: mtambo wa mwaka tisini na tano unanila kuliko unavyonilisha. Lakini zimo nyimbo zako tisa, zile ambazo Baba alifariki kabla hatujazitoa. Nitafutie kadi huko, ifanye kazi walau wiki moja, nizihamishe ndipo niuze.

Mdogo wako,
Nasser

Maskati
17 Oktoba 2004

Mdogo wangu Nasser,

Marahaba. Ramadhani karim. Huku tunashukuru, mguu tu unanisumbua. Kifua chako vipi, bado unalala na feni usoni?

Kadi nimeipata, anakuletea jirani yangu Badriya, anayekuja huko wiki hii. Lakini kwa sharti. Mwaka huu, Mungu akijaalia, nnakwenda kuhiji. Kuimba nimeshatubu, nawe unajua. Sitaki nisimame Arafa huku wewe umeniweka madukani nikiwaimbia wanaume mapenzi. Uliniambia mle mtamboni kila sauti imekaa peke yake. Basi yangu ifute, vyombo vibaki. Watu wamsikie Baba na fidla yake.

Dada yako,
Kawthar

Maskati
25 Novemba 2004

Nasser,

Hujambo? Idi imepita, hata salamu yako sikuipata. Badriya anasema kadi alikupa mkononi, ukamwambia, "Nshaiona, mwambie asubiri." Nisubiri nini? Kila nikisali nyimbo hizo zinanijia. Ushafuta?

Dada yako

Mtoni, Unguja
2 Disemba 2004

Dada,

Shikamoo, na kwa Idi niliyokunyima niwie radhi. Kifua kimetulia. Kadi inafanya kazi.

Nimekasirika, ndiyo. Studio hii sikurithi kwa mtu, na nyimbo hizo ndizo kazi bora niliyowahi kurikodi. Wewe unatubu, mkono wa kufuta uwe wangu! Lakini silo lililoninyamazisha.

Nilizima sauti yako nisikilize vyombo. Ganuni ipo, udi upo, dumbaki ipo. Fidla hamna. Wimbo wa kwanza mpaka wa tisa, hamna. Ndipo nikakumbuka: ulikataa kuimba mpaka Baba asimame ubavuni pako, na maiki tulikuwa nazo nne tu. Akasema, "Mie niacheni na mwanangu, yake inanitosha." Mmeingia maiki moja, na sina mtambo, mpya wala mkongwe, wa kukutenganisheni. Nikikurudisha, namsikia mpaka anavyokohoa kabla hujashika beti. Nikikufuta, nimemfuta. Na fidla yake nyingine hatuna popote.

Mara mbili nimeweka kidole, mara mbili nimeinuka nikaenda kutia udhu. Nikifuta, Baba ananidai. Nikiacha, unanidai wewe, tena mbele ya Mungu.

Makungu anauchukua mtambo Alkhamisi tarehe 16, baada ya alasiri, na sitamrudisha tena. Piga simu dukani kwa Borafya, nitakuwa nimekaa hapo tangu asubuhi. Usinipe mawaidha, usinitume kwa sheikh. Kabla ya adhana ya alasiri uniambie kwa mdomo wako mwenyewe: nifute, au niache?

Mdogo wako,
Nasser