Lugha ya Bi Harusi

Jumapili, 3 Februari 2019

Wiki ya tano hapa Engcobo, ukweni. Leo nimepokonywa neno la kumi na saba.

Nilikuja na Kisotho changu cha Welkom na daftari la kurasa mia, nikidhani nitajifunza Kixhosa kama watu wanavyojifunza lugha – leo maneno matano, kesho matano. Kumbe huku bi harusi hapewi maneno, ananyang'anywa! Jina la baba mkwe, mke wa mwanawe halitamki. Sawa, heshima hata kwetu ipo. Lakini hapa hata neno jingine lolote lenye kipande cha jina hilo ni mwiko. Na la baba yake marehemu. Na la babu yake. Kwa ajili ya baba mkwe siruhusiwi kusema njaa, wala mto. Kwa ajili ya baba yake siruhusiwi kusema furaha. Hilo la furaha bado sijaona hasara yake.

Badala yake kuna maneno ya wake za watu, ya kuzungukia. Mwalimu wangu ni Shangazi Nozuko, dada wa baba mkwe. Mama mkwe alishafariki, basi nyumba yote iko mkononi mwake. Nikikosea anafyonza. Anasema mbuzi wangu wa maziwa hatachinjwa mpaka niongee kama mke wa nyumba hii. Na bila mbuzi huyo siruhusiwi kuonja maziwa ya mgando ya boma hili, na bila kuyaonja mimi ni mgeni tu anayefagia. Cheti cha ndoa ninacho. Jina jipya nimepewa, Nokwakha. Kazi ya dukani niliacha. Mbuzi sina.

Jina la mzee siliandiki hata humu. Uoga mtupu. Nani atasoma?


Jumatano, 6 Februari

Aibu! Nimetumwa dukani kuleta unga. Nikaomba kwa neno nililofundishwa. Mwenye duka akanitazama, akacheka: Shemeji, mkweo hayupo hapa, sema tu unga! Ningesema. Lakini neno lenyewe la unga sijawahi kufundishwa – nimefundishwa la kuzungukia tu. Nikanyoosha kidole kwenye gunia kama bubu. Wanawake kwenye foleni walicheka mpaka mmoja akashika meza.

Nikampigia Mzoxolo, mume wangu, huko Rustenburg mgodini. Naye akacheka. "Utazoea, mke wangu." Yeye anasema njaa kutwa nzima na hakuna anayemfyonza.


Jumanne, 19 Februari

Baba mkwe ameanguka zizini asubuhi. Nilimwona kwa macho yangu na nikabaki nje ya ua, maana bi harusi haingii zizini. Kumwita kwa jina siwezi. Nikawa napiga kelele "Wewe! Wewe!" kama mtu anayefukuza kuku. Jirani akaja mbio, akampakia kwenye pikapu.

Hospitali nesi akaniuliza mgonjwa anaitwa nani. Nikampa kitambulisho chake. Akauliza tena, anaandika, hakuangalia. Nikakisogeza kitambulisho mpaka puani kwake. Ndipo akainua macho, akaona kilemba changu na shali ya bi harusi, akaelewa. Alinionea huruma, nadhani. Sikuipenda.

Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Usemi umekwenda wote.


Jumatatu, 11 Machi

Amerudishwa nyumbani. Mtaalamu wa usemi, binti mdogo wa Durban, ametupa karatasi ya mazoezi: asubuhi nusu saa, jioni nusu saa. Amesema miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kuwahi, ikipita bila mazoezi huenda asiongee tena. Mstari wa kwanza wa karatasi: jina la mgonjwa. Akanigeukia mimi, akasema wewe mwenye subira ndiye umfundishe. Shangazi akakohoa.


Ijumaa, 15 Machi

Mzee ana neno moja tu lililobaki, nalo ni tusi. Zito, la mama. Mzee wa kanisa mzima! Leo kina mama wa maombi wamekuja kumjulia hali, akamsalimia kila mmoja kwa tusi hilohilo, kwa upole kabisa, akiwashika mkono. Shangazi akawaambia ananena kwa lugha. Wakaitikia amina.

Mazoezi anayafanya Shangazi, kwa kuwa yeye kazaliwa humu na jina analitaja apendavyo. Anamfokea kana kwamba kaziba masikio: "Sema! Sema jina lako, wewe mtoto wa baba yangu!" Kisha analia. Mzee anageukia ukuta. Siku ya tatu leo. Jioni akanitupia karatasi: "Haya, wewe uliyesoma, mfundishe. Lakini mstari wa kwanza usiuguse."


Alhamisi, 28 Machi

Maneno kumi na tisa! Maji, mlango, kitanda, moto, mguu, kesho.

Huyu mzee hakuwahi kunisemesha hata mara moja kabla ya kuanguka. Akitaka chai alimwambia mbwa, nami nikamsikiliza mbwa. Sasa ananitazama mdomoni nusu saa nzima. Shangazi anasema haraka kwa sababu anajua. Mimi nasema polepole kwa sababu sijui, na mzee anasema polepole kwa sababu kasahau, basi tunakwenda mwendo mmoja. Leo tumepata na la njaa. Nilimpa ninalolijua.

Shangazi kachungulia, akasema tukiendelea hivi mbuzi atachinjwa baada ya Pasaka. Mbele ya jirani kasema! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajisikia lile neno nililokatazwa kwa ajili ya baba yao.


Jumapili, 7 Aprili

Vikombe sijaosha bado, naandika kwanza.

Wanaume wa ukoo walikuja baada ya ibada, saba, pombe imepikwa. Mzee alitaka wamwone. Tulimvalisha koti. Wakawa wanaongea juu ya kichwa chake kama juu ya meza, na mimi nagawa vikombe huku macho chini. Mara akanyanyua mkono wa kushoto. Akasema sentensi nzima – nzima! – kwamba ana njaa, chakula kiletwe.

Na alisema njaa kwa neno la bi harusi. Neno nililompa mimi. Neno ambalo wake za watu wanalitumia ili wasilitaje jina lake yeye mwenyewe.

Mmoja wao: "Jamani, mzee kaolewa!" Mwingine: "Na ng'ombe zako za mahari alitoa nani, bi harusi?" Wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Yule wa mwisho kwenye benchi akavua kofia, akamfunika kichwani kama kilemba. Mzee wa miaka sabini na moja. Hakuelewa wanacheka nini. Alinitafuta kwa macho, kama anauliza tumekosea wapi. Nikatazama chini. Ndiyo heshima niliyofundishwa.

Kisha akaelewa. Lile tusi likawafikia wote saba, na safari hii halikuwa na upole.


Jumatatu, 8 Aprili

Hukumu. Mazoezi basi. Mbuzi basi. Shangazi anasema nimemfanya kaka yake mwanamke mbele ya ukoo. Anadhani nilikusudia!

Mzoxolo kapiga simu. Kwa nini hukumfundisha neno la kweli?

"Neno lipi? Lile mlilonikataza?"

Nikasikia mashine huko kwake. Kisha akasema niende kwa mama Welkom kidogo, mambo yapoe. Nikamuuliza kidogo ni mpaka lini. Akasema, Nokwakha, usianze. Aliponioa nilikuwa Nthatisi, na alikuwa akilitamka vizuri tu.

Basi la Jumamosi. Mama atasema nilikuambia. Ana haki.

Nina hasira na wote. Na mzee je? Hakuna wa kumsemesha. Mwezi na nusu umekwisha katika ile mitatu.


Alhamisi, 11 Aprili

Siku nne mzee hajafungua mdomo. Hata tusi hakuna. Leo ningelipokea kwa mikono miwili.

Begi nimefunga. Nikampelekea chai. Nikakuta ameshika karatasi ya mazoezi kwa mkono wa kushoto, kichwa chini miguu juu. Nikaigeuza. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha maji. Akausukuma mkono wangu, akarudisha kidole palepale. Nikamwambia kwa Kixhosa changu kibovu kwamba mimi siwezi, yeye anajua siwezi, aliliona hilo tangu siku ya kwanza na akaridhika nalo. Akagonga. Jicho moja lilikuwa linatoka machozi, lile la upande uliokufa, linatoka siku hizi bila sababu, lakini sidhani kama leo lilikuwa bila sababu.

Mlamli.

Nimeliandika. Na nimelisema. Kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, kipande kwa kipande, kama nilivyomfundisha mlango na kesho. Mlamli. Hakushtuka, hakukasirika. Alinitazama mdomoni. Akafunga midomo, akasukuma, hakuna. Tena. Ikatoka "Mla–", na mate.

Nilipogeuka Shangazi alikuwa mlangoni na sufuria. Sijui tangu lini. Hakufoka, wala hakufyonza. Aliweka sufuria sakafuni, akatoka.

Sasa yuko pale kwenye tangi la maji, ambako mtandao unapatikana, anaongea na Mzoxolo. Anapaza sauti, hajali. Namwelewa neno kwa neno, haraka yake yote, wala sihitaji wa kunifafanulia. Anasema njoo umtoe mkeo leo, usingoje Jumamosi. Anasema kamtaja baba yako kama mtoto mwenzake. Anasema hata aibu hana. Nimeijua lugha yao hatimaye. Hongera kwangu!

Naandika hapa kitandani, miguuni pake. Anagonga karatasi. Midomo kaifunga kwa ile herufi ya kwanza, hapumui, ananitazama, anangoja niseme.