Njia Tuliyoibebea Mawe

Bukavu, Jumatatu, mwezi wa saba 1957

Ukungu haujatoka ziwani tangu asubuhi na Kadutu yote inanuka moshi wa makaa. Baridi ya kiangazi imeingia hadi kwenye shuka. Leo nilikuwa nafundisha wasichana kushona vifungo, nikawagombeza bila sababu, mmoja akalia. Hasira hii si yao. Naiandika hapa isije ikamwangukia mwingine.

Jana mume wangu alimfukuza mama yangu mbele ya watu.

Nimetafuta neno lililo laini zaidi na sijalipata.

Tangu mwaka jana, sisi wa chama cha kujitolea tulikuwa tunapanda kamyo la mizigo kila Jumamosi hadi milimani, pale msitu wa serikali unapoanzia, kutengeneza njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Wanaume walichonga ngazi na kukata miti iliyoanguka. Sisi wanawake tulibeba mawe na mchanga kwa vikapu, kamba kwenye paji la uso, kutoka mtoni hadi juu. Tulijenga na kibanda cha kupumzikia, kuta za matete zilizosukwa kama za nyumba za zamani, maana kamati ya utalii ilitaka wageni waone mambo ya kwetu. Hakuna aliyelipwa wala aliyedai. Papa Donatien, karani anayetuongoza, alisimama nje ya kanisa akatuambia njia itakuwa ya watu wote. Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mama alizaliwa juu kule. Waliondolewa akiwa msichana, msitu ulipowekewa mipaka, na hajarudi tena. Yeye ndiye aliyetupa jina la maporomoko, lile walilotumia babu zake, na Papa Donatien akalipeleka kwenye kamati huko Nyalukemba, mtaa wa Wazungu. Mama hakuomba shukrani. Aliomba kitu kimoja: ngazi zikiisha, apande polepole na magoti yake mabovu, akaone maji.

Njia ilipokaribia kwisha, kamati ikatafuta mlinzi wa kuzuia na kufungulia wageni. Walimchagua Gaspard wangu, kwa sababu anajua Kifaransa na alikuwa nasi tangu siku ya kwanza. Wakampa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Nilifurahi. Majirani walikuja kulishikashika lile koti kama la bwana harusi.

Basi jana ilikuwa ufunguzi. Baada ya misa ya kwanza tulipanda, wanawake wa chama, na mama katikati yetu amejifunga kikwembe kipya, kitenge alichonunuliwa na kaka yangu. Tulipofika tukakuta mti uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu umelazwa kukata njia, magari yamepangwa pembeni, na Gaspard amesimama wima. Juu yake kulikuwa na ubao. Nikasoma. Jina la maporomoko si lile la mama. Wameyapa jina la bibi mmoja wa Kizungu nisiyemjua.

"Mama Odile, mungoje kwanza," Gaspard akaniambia kwa sauti ya chini. "Leo iko ya bazungu. Balisema batu yetu bapande siku ya kazi."

"Siku ya kazi tuko ku kazi."

"Ndiyo vile balisema."

Mama alidhani hakuonekana vizuri. Akasogea mbele. "Gaspard, ni miye."

Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, ni heshima. Jana Gaspard hakumtazama, na haikuwa heshima.

Kisha akashuka bibi mmoja wa Kizungu kutoka garini na mashine yake ya picha shingoni. Alitutazama, akafurahi, akamwambia Gaspard maneno. Gaspard akatafsiri: anaomba tusimame karibu na kibanda, na mama mzee awe mbele. Mimi nilitaka kuondoka. Lakini mama alikwenda akasimama, akanyoosha kikwembe chake, akatulia kabisa hadi mashine ikalia. Alidhani baada ya picha watamruhusu.

Bibi yule akashukuru. Gaspard akainua mti, bibi akapita, mti ukashuka.

Maji yalikuwa yanasikika pale tulipokuwa. Mama akasikiliza kidogo, kisha akageuka akaanza kushuka, na sisi nyuma yake. 

Gaspard alirudi jua linazama. Binti yetu Odile alikuwa kwa jirani. Nilikuwa namenya mihogo na sikuinuka kumpokea.

"Uliweza kusema kama ule iko mama yangu," nikamwambia.

"Nilisema."

"Ulisema kwa nani?"

Akavua koti, akalitundika, akalikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

"Sikusema," akajibu. "Bwana wa kamati alikuwa nyuma yangu. Ningesema, angeniuliza kama niko mulinzi wao ao niko mulinzi wa familia yangu. Unataka nifanye je?"

Nilitaka aseme. Hilo tu. Wangemkatalia, na mama angejua kwamba kuna mtu alimsemea.

Ninajua kazi hii ni nini kwetu. Ninajua wanaume wangapi mtaani wangeichukua kesho asubuhi. Najua, na kujua kwangu hakupunguzi kitu.

Leo mchana nilikwenda kwa Papa Donatien. Nilimkuta ametulia, amepewa nishani, bado iko kifuani siku ya kazi. Akaniambia nisiharibu mambo, kamati imeridhika nasi, Jumamosi tunaanza kutengeneza njia ya pili.

"Mutu wa kujitolea haulizagi," akasema.

"Basi Jumamosi nani atabeba mawe? Bibi yako?"

 Mke wake hajawahi kubeba hata jiwe moja, na wote tunajua.

Kutoka hapo nikapita kwa kaka yangu, anakoishi mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa matusi, na ningependa matusi. Nilimkuta anachambua maharagwe. Hakumsema vibaya Gaspard. Aliniuliza tu:

"Yeye anaona yale maji kila siku. Umuulize, iko bado mingi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Mama anaomba habari za maji ya kwao kwa mtu aliyemfungia njia.

Jioni hii nilikutana na wenzangu kwenye bomba la maji. Sikuhitaji kuwashawishi. Mama Véronique, ambaye kikapu kilimwachia kovu kwenye paji la uso, alisema kabla yangu: hatubebi tena jiwe kwa njia tusiyoweza kuipita. Na Jumapili tunapanda tena, wote, na waume wanaotaka, na watoto wamevaa vizuri. Baadhi wanaogopa. Hata mimi naogopa. Watu wamefungwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Nimemwambia Gaspard sasa hivi, mezani, bila kuzunguka. Amekiweka kijiko chini.

"Basi mukuje asubuhi sana," akasema, "mbele ya magari kufika. Nitamupitisha mama, ataona, atashuka. Hakuna atakayejua."

Najua ilimgharimu kusema hivyo. Wiki iliyopita ningemshukuru. Lakini moyoni nilimwona mama akipita chini ya ule mti kama mwizi wa kuni, kwenye kilima alikozaliwa, na mkwe wake akichungulia barabarani.

"Hapana," nikamwambia. "Tutakuja saa ya magari."

Amelichukua koti lake na anasugua vifungo kwa majivu, kimoja kimoja. Mimi nimeweka makaa kwenye pasi, na kikwembe cha mama, nilichokichukua kwa kaka, kiko mbele yangu.

Akiinua mti, huenda tukalala njaa. Asipouinua, je, nitaweza kurudi naye nyumba hii moja?

Jumapili nitapanda.